Mikono ya Ildefonsi

Mdogo wangu Ildefonsi hajawahi kuamka akamaliza. Tangu utotoni atafumbua macho, atanawa uso, atakunywa hata uji, lakini yeye mwenyewe bado yuko njiani anakuja. Nyumbani tulizoea kumsubiri. Majirani hapa Litembo wanasema ni maringo ya wasomi, na kwa neno hilo nimeshagombana na watu kisimani. Si maringo. Ni mtu anayeota akiwa macho, na Mungu kwa utani wake akaacha mtu huyo awe mhasibu.

Ofisi yake ilikuwa Mbinga mjini, kwenye kampuni inayonunua kahawa. Nilimtembelea siku moja nikamkuta ameinamia kompyuta, mgongo umepinda, dirisha liko nyuma yake. Nikamwambia ageuze meza apate mwanga. Akanijibu taratibu, "Dada, nikiona nje sitafanya kazi." Nilicheka sana. Baadaye, nikiwa juu ya bodaboda narudi nyumbani, kile kicheko kikanikauka mdomoni.

Ubaya ni kwamba kazi ile aliiweza. Angekuwa mzembe wangemfukuza zamani, akalia kidogo, yakaisha. Lakini Ildefonsi hakukosea. Wakaguzi walikuja, walikunywa chai, wakaondoka wakimsifu, naye alizipokea sifa zao kama mtu anayepewa habari za msiba wa mbali. Nywele zikaanza kuota mvi. Watoto wake wakawa wanamwita mara mbili ndipo ageuke.

Mwaka huu, mwezi wa pili, bosi wake akamwita. Kampuni inafungua ofisi kubwa Songea na inamtaka awe mhasibu mkuu. Nyumba ipo, gari lipo. Achukue kwanza likizo yake, na Jumatatu ya kurudi alete jibu. Mwanamume mwingine angechinja mbuzi. Ildefonsi alikuja hadi Litembo, akapita mlangoni kwetu bila hodi, akapanda mlima moja kwa moja hadi kwenye shamba la baba.

Shamba lile lilikuwa limepumzika tangu magoti ya baba yalipogoma. Kwetu Umatengo mlima hulimwa kwa ngoro. Wanaume hufyeka majani, yakishakauka huyalaza kwa mistari inayokatana, mraba baada ya mraba, mteremko mzima. Sisi wanawake tunakuja nyuma na majembe. Tunachimba udongo wa katikati, tunayafukia yale majani, na kila mraba unabaki na shimo lake. Mvua ikija inatua kwenye mashimo, na mlima unabaki mahali pake. Mstari mmoja tu ukikaa vibaya, maji yanapata njia, na udongo wako unaukuta kwa jirani.

Nilimfuata juu nikamkuta amelala chali katikati ya nyasi, viatu vya ofisini vimejaa umande. Ukungu ulikuwa unapita juu yake, unamfunika, unamfunua. Huko mbali, pale unapoishia mlima, ziwa lilikuwa limechanganyika na mbingu hata usijue kipi ni kipi.

"Dada," akasema bila kunitazama, "nataka kuacha kazi. Nataka shamba hili."

Nilikasirika hadi masikio yakapiga kelele. Tulisoma shule moja, mimi nikiwa darasa la mbele yake, na mwalimu mkuu mwenyewe alikuja nyumbani kumwambia baba kwamba mimi, Hedwiga, nisiachwe. Nilipomaliza la saba, baba akasema inatosha. Mwaka uliofuata Ildefonsi akanunuliwa viatu, akapelekwa sekondari. Mimi nikabaki nafukia majani. Nilijiambia nafasi ni moja, mtoto wa kiume kaipata, basi aitumie hadi iishe. Leo ananiambia haitaki!

"Unajua ni nani aliyeitamani nafasi hiyo?" nikamwuliza.

"Najua," akasema. "Ndiyo sababu nimekaa nayo muda wote huu."

Nikashuka na kumwacha huko, na alipofuata jioni mikono ilikuwa na malengelenge. Alikuwa amefyeka kipande kizima bila ruhusa ya mtu, tena akiwa na suruali ya kitambaa.

Hilda, mke wake, ni mtu wa Lituhi, na watu wa ziwani hawana haraka na jambo la mwenzao. Akaniambia, "Wifi, usimbane. Ngoja nimpeleke kwa mama akalale, majani nayo yakauke." Wakateremka ziwani.

Ya huko nasimulia kama Hilda alivyonisimulia. Anasema Ildefonsi alilala kama aliyekuwa akidaiwa usingizi tangu kipaimara. Akiamka anakwenda kukaa mchangani, pale mama mkwe wake, Mama Benadetha, anapoanika usipa. Vile visamaki vimetandazwa mchanga wote, vinang'aa, na yeye kazi yake ni kufukuza ndege. Mmatengo na maji ni kama paka na maji. Aliingia ziwani hadi magotini tu, ameshika suruali kwa mikono miwili, akasimama hivyohivyo hadi jua likahama. Milima ya ng'ambo ilikuwa inatokea kidogo, inafifia, inatokea tena. Wavuvi wakapita wakamsalimia. Waliporudi na samaki wakamkuta palepale, wakacheka, naye akacheka nao.

Siku moja alilala mchana kwenye kivuli cha mtumbwi akaota. Aliona analaza majani juu ya ziwa. Anaweka mstari, maji yanatulia, anaukata kwa mstari mwingine, maji yanatulia zaidi. Nyuma yake wanawake wanakuja na majembe, wanafukia, na ziwa zima hadi ng'ambo limekuwa ngoro, kila shimo lina anga lake ndani, na maharage yameota juu ya tuta. Hakuna anayeongea. Kuna harufu tu ya udongo uliolowa.

Alipoamka akamweleza mke wake, na Hilda akamweleza mama yake. Mama Benadetha, kwa heshima ya mkwe, hakumwambia kitu usoni. Alimwambia binti yake, ila kwa sauti ya kufika mbali: "Mwanamume akiota anakula, ujue ana njaa. Akiota anafanya kazi, ni hivyohivyo." Akaendelea kugeuza usipa wake.

Waliporudi Litembo, baba akaita sengu. Sengu ni kikao cha ukoo, na kwetu bado kinakaliwa kwa kula: chungu kimoja, mikono yote, neno halitolewi mpaka watu washibe. Ildefonsi alikula kidogo sana. Mabaki yalipoondolewa akamwamkia tena baba, "Shikamoo baba," na baba akashangaa maana walishaamkiana asubuhi, lakini akaitikia. Ndipo akasema. Alisema analijua jasho la ukoo kwenye elimu yake. Alisema ukoo ulimsomesha kwa sababu ya akili zake, na sasa anaona aibu kuja kuomba jembe, lakini anaomba.

Mzee Pankras, baba yetu, akaanza kutikisika mabega. Tukadhani analia. Kumbe anacheka.

"Akili? Nani amekudanganya? Tulikupeleka shule kwa sababu hujui kulaza majani! Mistari yako ilikuwa inakwenda kama mlevi anatoka kilabuni. Nikasema huyu tukimwachia mlima, atauteremsha wote mtoni."

Ukoo mzima ukaangua kicheko. Baba mdogo alipaliwa. Ildefonsi alitabasamu kwa adabu, lakini niliona shingo yake imekaza.

"Na dada?" akauliza. "Dada alikuwa na akili kunizidi."

"Hedwiga ana mikono," baba akasema kirahisi tu, akijifuta machozi ya kicheko. "Mikono kama ile nimpe nani? Niipeleke darasani ikashike chaki?"

Mimi niliinuka nikaenda jikoni. Maisha yangu yote nilidhani nilinyimwa shule kwa sababu ni msichana, nikaizoea hasira hiyo. Kumbe nilinyimwa kwa sababu nilijua kazi, na mwenzangu akapewa kwa sababu hakujua. Nilikaa mbele ya moto mpaka Hilda akaja kunishika bega. Huko nje baba alikuwa akitoa hukumu: Ildefonsi alaze kile kipande alichofyeka, wanawake tufukie, tupande maharage. Mvua ndiyo itakayosema. Shamba likishika, aache kazi yake. Likibomoka, Jumatatu aende Songea na asilitaje tena.

Jumamosi akalaza. Tangu mstari wa kwanza niliona unapinda, nikamtania kwamba mstari wake unaelekea kanisani. Akacheka. Alikuwa na matope hadi nyusi, anahema, anajikwaa, anaimba wimbo usio na mwisho, na kila nilipomwita aliitika papo hapo. Nilisimama na jembe nikamwangalia. Ndugu yangu nilikuwa sijawahi kumwona akiwa yupo kweli hivyo, na hasira yangu ikaanza kunichosha. Lakini mistari ilikuwa mibaya, na kupenda kazi si kuijua.

Tukafukia, tukapanda maharage, na mvua ikaja Jumapili baada ya misa. Tuliisikiliza tukiwa barazani kwa baba. Ilipokatika tukapanda. Upande wa juu ulikuwa umeshika, mashimo yamejaa maji tulivu. Upande wa chini haukuwepo. Udongo, majani na maharage yetu vilikuwa vimelala kwenye njia.

Nilimtazama Ildefonsi. Nilingoja aseme Songea, na kusema kweli niliogopa atasema. Yeye aligeuka akashuka mlima, miguu inateleza, nasi nyuma yake, akaenda kusimama mbele ya baba akiwa analowesha sakafu.

"Limebomoka, baba," akasema. "Nionyeshe tena."

Mzee hakucheka. Aliweka mkono juu ya goti.

"Sikukuonyesha vizuri hata mara ya kwanza," akasema. "Ulikuwa unasimama katikati ya mstari unatazama mawingu. Nikakuchapa. Ukasimama tena, nikakuchapa tena. Nikaona heri shule ikuchukue kabla sijakuumiza. Mikono yako haikuwa na kosa, Ildefonsi. Mimi ndiye niliyekosa subira." Kisha akainama kutafuta viatu vyake chini ya kiti, na akiwa hukohuko chini akasema, "Na wewe Hedwiga, mama, kwako sikuwa hata na sababu hiyo. Ulikuwa unanifaa."

Nililia, na sioni aibu kusema. Nililia kwa sauti, mbele ya wifi yangu na kuku.

Jumatatu asubuhi bodaboda ilimpeleka baba hadi pale njia inapoishia, na kutoka hapo Ildefonsi akambeba mgongoni. Tukamkalisha kwenye kigoda na blanketi. Kabla hajainama kazini, Ildefonsi akanipa simu yake.

"Watapiga," akasema. "Jibu wewe, dada. Mimi nikisikia sauti zao nitasema ndiyo. Nimekuwa nikisema ndiyo tangu viatu vile vya sekondari. Wewe ndiye mwenye haki. Ukisema niende, nitakwenda."

Hakuwa anatania. Niliifunga simu kwenye pindo la kanga nikaendelea kuchimba, na sikuona ninachochimba. Ukungu ulikuwa umeshuka sana. Wale wawili sikuwaona vizuri, nilisikia tu sauti ya mzee ikija polepole kutoka kwenye weupe: hapana, teremsha kidogo, hapana, fuata mlima unavyotaka, sawa, mwingine. Sauti haikupanda hata pale alipolazimika kurudia na kurudia.

Simu ikaita.

"Naomba niongee na Ildefonsi," akasema bosi wake, kwa upole kabisa.

"Yuko kazini."

"Kazini wapi, mama? Mbona sisi tunamsubiri hapa?"

Ningeweza kusema anakuja. Neno lilikuwa jepesi, na Hilda angepata nyumba ya Songea, na watu wangeendelea kunisalimia kwa heshima kama dada wa mhasibu. Ukungu ukafunguka kidogo. Nikamwona Ildefonsi, majani kifuani, amesimama katikati ya mstari, anatazama juu. Baba naye amemwacha atazame. Amejifunika blanketi lake, anamsubiri.

"Msimsubiri," nikasema. "Haji tena. Kama mnataka mhasibu, tafuteni binti. Wapo wengi wenye akili, waulizeni walimu wao."

Nikakata simu, nikatema mate mikononi, nikaenda kufukia mstari wake wa kwanza.