Dizeli ya Muriuki

Mwaka wa 1994 Nabalayo, muuguzi wa Buruburu, alienda Donholm kwa Muriuki, muuza magari, akiwa ameshaamua: atachukua la petroli, maana halina kelele. Akavuta bei chini mpaka Muriuki akachoka, akawasha la dizeli ili amwonyeshe tofauti tu.

Nabalayo akaketi kiti cha nyuma. Mngurumo ulimpanda kutoka miguuni, akajiona mtoto tena Bungoma, amepakatwa na babake kwenye trekta, miwa ikipita polepole pande zote mbili.

Alipofumbua macho, injini ilikuwa imezimwa na Muriuki ameegemea mlango, anatabasamu.

"Mama, hii haipungui hata shilingi."

Nabalayo akapangusa mate shavuni.

"Kwani nani amekuomba upunguze?"