Kibuyu Kilichojaa Maji

Mimi nilimaliza darasa la saba, shemeji yangu hakuwahi kukaa darasani. Kwa tofauti hiyo ndogo nilimwacha kaka yangu afe.

Ilikuwa miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni. Kaka alivua Ziwa Babati ili abadilishe samaki kwa sabuni na chumvi. Asubuhi moja alikwenda kuangalia nyavu zake kwenye matete ya upande wetu, hakurudi. Jioni mtumbwi wake ulionekana mtupu ng'ambo, upande wa Nangara. Boti ya injini ilikuwepo moja tu, na petroli haikupatikana mji mzima.

"Mtumbwi uko Nangara, basi na yeye yuko Nangara," niliwaambia wanaume, kwa sauti ya mwalimu.

Mke wa kaka alikuwa nyuma yetu na vibuyu vyake vya kuchotea maji.

"Shemeji," alisema, "kibuyu kitupu kikiniponyoka, upepo unakikimbiza. Kilichojaa nakiokota palepale. Mtumbwi ni mtupu, mtu ni mzito. Mtafuteni kwenye nyavu."

Nilimjibu kwamba ziwa si mtungi wa jikoni. Wanaume wakacheka. Nakichukia kicheko kile mpaka leo, kwa sababu nilikifurahia.

Siku mbili tulipekua matete ya Nangara, tukaambulia matope. Siku ya tatu shemeji hakumwomba mtu. Aliingia majini mpaka kiunoni, akaviachia vibuyu viwili. Kitupu kilishika njia ya Nangara mbio. Kilichojaa, shingo tu ikionekana, kilijivuta taratibu na kuishia kwenye matete jirani na nyavu. Nilikifuata kwa mtumbwi wa kuazima, shemeji akiwa mbele.

Tuliona shati kwanza. Lilikuwa na kiraka cha mfuko wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, alichokishona shemeji wakati vitambaa vilipoadimika. Lilifungwa juu kabisa kwenye matete, mahali pa kuonekana na mtu yeyote ambaye angepita. Kaka alikuwa chini yake, majini, paja limepasuliwa na kiboko.

Nilitaka kulikata shati kwa kisu. Shemeji alinishika mkono. Aliyafungua mafundo mwenyewe, kwa vidole na meno, na ilimchukua muda mrefu. Yalikuwa yamekazwa na mtu ambaye bado ana nguvu.