Matanga ya Kuigiza

Cheka ukitaka. Mimi nilikuwepo, na mtoto mwenyewe ni wangu.

Nilikuwa najifunza kazi ya kamera kwa fundi mmoja wa Korogwe mjini, anayepiga video za harusi. Alitufundisha kwamba huzuni haiko kwenye machozi peke yake. Zima taa, fungua dirisha moja, mwanga umguse mtu upande mmoja wa uso, mwingine uachie giza. Nyuma yake acha ukuta mtupu. Anayetazama atasikia uzito moyoni bila kuambiwa neno. Akatutuma tukapige tukio fupi la msiba.

Nikaamua kulipigia nyumbani, Kwedizinga. Alasiri nikatoa viti sebuleni, nikafungua dirisha moja, nikatandika mikeka, nikawaketisha majirani zangu wa kike, khanga vichwani. Mama mkwe akasimama mlangoni.

"Mwanangu, mnajichuria. Matanga hayachezewi kwenye nyumba yenye mtoto mchanga."

"Mama, ni picha tu," nikamjibu. Zuhura wangu alikuwa amelala chumbani.

Tulipoanza, majirani walikuwa wanabana vicheko. Ndipo akaingia mwanamke nisiyemjua, akaketi mwisho wa mkeka, akalia. Si kilio cha kuigiza, niamini. Vicheko vikakatika, wengine wakaanza kulia kweli. Na mimi nilifurahi! Nikadhani ni mgeni wa jirani.

Akainua uso, akaniuliza, "Marehemu yuko wapi?"

Ningemjibu nini, na kamera inakwenda? Sikutaka kumkatiza. Nikanyoosha kidole kwenye mlango wa chumbani.

Akanyanyuka, akauendea mlango ule. Macho yangu yalikuwa kwenye kioo cha kamera, na hapo ndipo nilipoona. Nyuso zote ziling'aa upande wa dirisha. Uso wake uling'aa upande wa ukuta. Mwanga gani huo unaotoka ukutani?

Nikatupa kamera, nikamkimbilia chumbani. Nilimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, anamfunika mwanangu khanga usoni, imeshafika nusu. Nikamnyakua mtoto huku napiga mayowe. Mama mkwe alipoingia, alitukuta mimi na Zuhura tu. Chumba kile kina mlango mmoja, na dirisha lake lina nondo.

Usiku ule mtoto alishikwa na homa. Ilishuka, lakini upande mmoja wa uso wa Zuhura haukuamka tena. Hospitali walisema ni mshipa. Sikubishana nao. Sasa anakimbia, anaimba, na akicheka inacheka nusu ya mdomo. Watoto wenzake wanamwigiza, naye ananiuliza kwa nini yuko hivyo.

Wewe unayejifunza kamera, cheza na mwanga upendavyo. Lakini msiba wa kuigiza usiuingize nyumbani kwako. Wapo wanaokuja kuzika kweli.