Neno Alilolitafsiri Dorkasi

Kwa miaka kumi na moja, kila barua ya Kiingereza iliyofika katika shamba la zabibu la shirika, nje kidogo ya mji wa Dodoma, ilipita kwanza mdomoni mwa Dorkasi Mazengo. Alikuwa mpiga chapa. Mameneja walikuja wakaondoka, yeye akabaki, na watu wakazoea kwamba Dorkasi akisema barua inasema hivi, basi inasema hivyo.

Kwa hiyo mwaka 1995, shirika lilipoamua kuligawa shamba na kuachana nalo, yeye ndiye aliyepanda juu ya kreti kuwasomea wenzake barua kutoka makao makuu. Wafanyakazi walikuwa arobaini na watatu, yeye akiwamo, na kila mmoja alikuwa na kipande cha mizabibu alichokitunza. Barua ilisema kabla ya saa sita mchana, Ijumaa ya tarehe 25 Agosti, wafanyakazi wanatakiwa “elect”.

Nchi nzima wakati ule ilikuwa ikizungumzia uchaguzi wa vyama vingi. Dorkasi hakusita hata kidogo.

“Mnatakiwa mfanye uchaguzi,” alisema. “Mmchague mtu wa kuwasemea kuhusu vipande vyenu.”

Wakamchagua Bartolomayo, mzee aliyewafundisha karibu wote kupogoa. Jumatano akapanda treni kwenda makao makuu, Dar es Salaam, akiwa amevaa suti aliyoazimwa na mchungaji.

Ijumaa asubuhi Dorkasi alikuwa anachapa nakala ya ile barua kwa ajili ya faili, vidole vikamgandia kwenye mashine. Barua ilisema kila mfanyakazi afanye hivyo kwa maandishi. Ilisema pia kwamba asiyefanya atahesabiwa ameacha kipande chake. Mara ya kwanza aliichukulia sentensi hiyo kama onyo kwa wasiopiga kura. Sasa akajiuliza: nani amewahi kupiga kura kwa barua yenye jina lake?

Ilikuwa saa tatu na nusu. Akatoka mbio, akavuka korongo kavu hadi kwa Mwalimu Ludovick, mstaafu aliyewahi kusoma seminari.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?”

Akampa barua. Mzee aliisoma taratibu mno, kiasi kwamba Dorkasi alitamani kumnyang’anya.

“Hapa hakuna kura,” Ludovick alisema. “Neno hili asili yake ni Kilatini, eligere. Ni kuokota kitu kutoka katika vingi, kama unavyochuma kichala kimoja ukaacha vingine. Mambo ya kura yamelifuata baadaye. Kwenye Kiingereza cha wanasheria bado lina maana ya mtu mwenyewe kuamua analotaka na kulitamka. Hapa kila mmoja anatakiwa aandike: nabaki na kipande changu, au naondoka.”

“Na aliyechaguliwa na wenzake?”

“Huyo naye aandike la kwake.”

Dorkasi alirudi mbio. Akagonga kipande cha reli kilichotumika kuwaitia watu kazini, na walipokusanyika akawaambia bila kuzunguka: “Niliwasomea vibaya. Kosa ni langu. Tuna saa moja na nusu.”

Kulizuka kelele. Denis, dereva wa trekta, alimsogelea hadi uso kwa uso. “Ungetupokonya mashamba yetu kwa ulimi wako!”

“Nitukane mchana,” Dorkasi akamjibu. “Sasa hivi kaandike jina lako kamili.”

Akachapa “Nabaki na kipande changu”, karatasi tano tano kwa kaboni, akiacha nafasi ya jina. Waliojua kuandika waliandika, wengine wakabonyeza dole gumba kwenye wino wa mhuri. Watu wakatumwa mtoni na kisimani kuwaita ambao hawakuisikia ile reli. Ofisa kutoka makao makuu, aliyekuja kupokea majibu, alikuwa amekwisha fika, ameketi ofisini, saa yake ameivua na kuiweka mezani.

Zikabaki dakika nane. Karatasi zilikuwa arobaini na mbili.

Loisi, mke wa Bartolomayo, akamshika Dorkasi mkono nyuma ya mlango. “Mwanangu, weka dole lako. Andika jina la mzee. Nani atajua?”

Hakuna ambaye angejua. Dorkasi aliutazama ule wino wa mhuri, kisha akaufunika.

“Siwezi, mama. Nimekwisha kuisemea barua jambo ambalo haikulisema. Nikimsemea na mzee, zile nyingine zote zitatiliwa shaka.”

Loisi aliuachia mkono wake kama mtu aliyeungua.

Dorkasi akaingia kwa ofisa. Akamweleza kwamba Bartolomayo amesafiri kwa sababu yeye, Dorkasi, aliitafsiri barua vibaya, na kwamba mzee hajui kwamba alitakiwa kuandika.

“Yaandike hayo, uweke sahihi,” ofisa alisema. “Siahidi kitu.”

Akaandika. Saa sita ilipotimia ofisa akafunga mkoba.

Wale arobaini na wawili walibaki na vipande vyao. Jibu kuhusu Bartolomayo lilichukua miezi saba. Alipewa ardhi, lakini si mizabibu yake ya miaka kumi na tisa. Alipewa eneo la juu, lenye changarawe, lisilo na mche hata mmoja.

Kabla mvua nyingine hazijaanza, Dorkasi alikata vipandikizi mia moja na ishirini kutoka kwenye mizabibu yake, akavifunga kwa magunia mabichi na kumpelekea. Bartolomayo alikuwa anachimba mashimo. Aliitikia shikamoo yake bila kuinua kichwa.

“Viweke kivulini,” alisema.

Dorkasi akaviweka, akachukua jembe la pili, akaanza shimo la mstari uliofuata. Mzee hakumfukuza, wakachimba mpaka jua lilipozama.