Mguu Ambao Urbano Alimficha Mkwewe

Urbano alifanya kazi miaka ishirini na sita kwenye genge la reli pale Itigi, akibeba mataruma na kushindilia kokoto, na miguu yake haikuwahi kumpa shida. Alipostaafu akageukia mizinga ya nyuki. Asubuhi alivaa katambuga zake za matairi, akapotelea porini, akarudi jioni ananuka moshi. Hata kisukari kilipomkuta alikichukulia kama mgeni wa kupita. Vidonge alimeza, chai akanywa bila sukari, na kila mwezi akaenda kliniki na kadi yake.

Tatizo lilikuwa nesi. Nesi wa kisukari alikuwa Peniel, mke wa mwanawe Deo.

Kupimwa damu hakukuwa na neno. Alitoa kidole, akageuza uso. Lakini kila mgonjwa alitakiwa avue viatu, nesi apige magoti, akague nyayo na katikati ya vidole, kisha aguse kwa kiuzi kigumu aone kama mguu bado unasikia. Urbano alilelewa akijua kwamba mkwe hata kitanda cha baba mkwe hakikaribii. Leo amshike mguu mbele za watu?

“Shikamoo baba. Leo tuangalie na miguu,” Peniel alisema mara ya kwanza, macho chini.

“Marahaba, mama. Miguu haina neno. Angalia ya wengine, yangu nitaiangalia mwenyewe nyumbani.”

Mwezi uliofuata Peniel aliuliza kwa sauti ndogo zaidi. Mwezi wa tatu hakuuliza. Na nyumbani Urbano hakuangalia kitu. Mgongo ulikuwa haumruhusu kujikunja mpaka auone unyayo, na macho ya mkewe Anastazia yalishaanza ukungu. Ganzi ilipanda polepole kutoka vidoleni, naye akasema ni uzee.

Kiangazi cha mwaka juzi mwiba ulitoboa katambuga ya kulia. Hakuusikia. Aliukanyaga kutwa nzima, na kesho yake tena. Baada ya siku kadhaa Anastazia akaanza kuhamisha vyombo chumbani.

“Baba Deo, kuna panya amefia humu ndani. Husikii harufu?”

Wakatafuta wote wawili, chini ya kitanda, nyuma ya magunia ya mtama. Urbano alipoinama kuvuta gunia, harufu ikampanda puani kutoka kwenye mguu wake mwenyewe. Akasema labda panya yuko darini.

Mkewe alipokwenda kisimani, akauosha mguu, akaupaka asali, akafunga kitambaa na kuvaa soksi juu yake. Siku tisa aliuficha hivyo.

Siku ya kumi homa ikamwangusha. Deo alikuja na mkewe, na safari hii Peniel hakuomba ruhusa. Alipiga magoti, akaivuta soksi, kisha akafumba macho. Huko hospitali madaktari walihangaika wiki nzima, mwishowe wakaukata mguu chini ya goti.

Urbano aliporudi nyumbani, Peniel alikuja peke yake. Alikaa kwenye kigoda, kadi ya kliniki mkononi.

“Baba, humu kuna sehemu ya miguu. Nimeandika ‘salama’. Mara saba. Na sikuwahi kuiona.” Akaanza kulia. “Niliona aibu kuandika kwamba umekataa. Kwa wagonjwa wote nilikuwa nesi. Kwako nikawa mkwe.”

Urbano alitamani akasirike; ingekuwa nafuu. Lakini hasira haikuja.

“Mwenye mguu nilikuwa mimi, mama. Na niliponusa harufu, niliificha.” “Ila yule nesi mwenzako, Yasinta. Ungemwita yeye.”

“Alikuwa chumba cha pili, baba. Hatua kumi tu.”

Peniel alikwenda mwenyewe kwa mganga mfawidhi akasema alichokiandika. Alipewa onyo, na tangu hapo nesi hapimi ndugu wala mkwe wake.

Mwezi uliofuata Urbano alifika kliniki kwa magongo. Yasinta akamvua kiatu cha kushoto, akatazama kisigino, akatenganisha vidole kimoja kimoja, akagusa kwa kile kiuzi. “Hapa unasikia?” “Hapana.” “Na hapa?” “Kidogo.” Akaandika kwenye kadi.

Urbano aliendelea kukaa, mguu ameunyoosha.

“Vaa kiatu, baba. Tumemaliza.”

“Umemaliza?” Alidhani ndiyo kwanza anaanza.

“Ndiyo, baba. Ni hayo tu.”

Aliinama kutafuta kiatu, na alikitafuta muda mrefu, ingawa kilikuwa pale pale mbele yake.