Kilima Katikati ya Ngano

Mjomba wangu wa Tanga, aliyenifundisha kupiga picha, hakuwa na studio. Alikuwa na kamera moja, baiskeli, na kumbukumbu ya kila mahali pazuri mjini: ukuta wa bandarini unaoshika jua la saa kumi, ngazi za nyumba ya kale, bustani yenye kivuli chepesi. "Uso peke yake hautoshi," alizoea kuniambia. "Mtafutie mtu mahali pa kusimama."

Niliporudi kwa mama, Endasak, nikiwa na kamera aliyonipa mjomba, nilidhani kazi itakuwa nyepesi. Mlima Hanang ulikuwa nyuma ya nyumba yetu. Kumbe mlima ukiukaribia mno huuoni. Picha zangu za kwanza zilionyesha watu waliosimama mbele ya weusi mtupu. Nikajaribu Ziwa Balangida wakati wa kiangazi, maji yamekauka, nikamsimamisha mwalimu mmoja na mkewe juu ya chumvi nyeupe. Mwanga uliwapiga kutoka chini. Filamu iliporudi kutoka Arusha, ambako nilikuwa napeleka kusafishwa, wote wawili walikuwa wamekunja nyuso. Mwalimu aliitazama picha yake kwa muda.

"Dada," akaniuliza, "siku ile tulifiwa na nani?"

Ndipo nikaanza kutembea. Kila nilipopata nafasi nilishuka tambarare, kwenye mashamba ya ngano ya serikali, nikitafuta mahali ambapo mlima ungeonekana mzima, tangu chini hadi kileleni. Miaka ile mashamba yalikuwa yameshaenea, mtu anaweza kutembea asubuhi nzima pembeni mwa shamba lile lile. Hakuna mti, hakuna jiwe. Ngano, njia ya vumbi, ngano tena.

Siku ya nne au ya tano nikakiona. Kilima kidogo cha mviringo, kimo chake kinanifika kiunoni, kimeota nyasi, kimezungukwa na ngano iliyoanza kugeuka rangi. Na nyuma yake, mlima wote. Nilikizunguka mara tatu huku nachungulia kwenye kamera, nikicheka peke yangu kwa furaha. Nilidhani ni kichuguu cha zamani.

Watu wa kwanza niliowapeleka pale walikuwa dereva wa trekta wa shamba hilo hilo, kijana wa Tumati, na mke aliyefunga naye ndoa kanisani majuma mawili kabla. Kijana alivaa suti ya kahawia. Mkewe alilivaa tena gauni lake la harusi, akalishika juu kwa mikono yote miwili tulipokuwa tunapita kwenye ngano.

"Wewe unakijua hiki kilima?" nilimwuliza kijana.

"Nakipita kila msimu wa kulima. Walionitangulia walinifundisha kukata kona hapa. Walisema chini kuna mawe."

Nikapiga picha moja ya kilima kikiwa kitupu, kupima mwanga. Kisha nikawaambia wapande. Walisimama juu wameshikana mikono, upepo ukapeperusha shela, nami nikapiga mbili harakaharaka. Nilipoinua kamera mara ya tatu niliona kitu kinasogea nyuma ya bibi harusi. Nikaishusha.

Wanawake wawili walikuwa wanakuja kwenye kijia kati ya ngano. Mmoja alikuwa bibi mzee wa wafugaji, amevaa sketi ya ngozi na bangili za shaba, ana fimbo mkononi. Mwingine alikuwa wa umri wa makamo, amejifunga kanga kama sisi.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

Hakuitikia. Alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anatazama miguu ya wale wawili. Akasema jambo kwa lugha yake, taratibu, na yule mwenzake, ambaye baadaye nilielewa kuwa ni binti yake, akatutafsiria.

"Mama anauliza, amewakosea nini?"

"Nani?"

"Baba," akasema. "Mmesimama juu ya baba yangu."

Bibi harusi aliruka chini, gauni likapasuka pindoni, akavua viatu ingawa tayari alikuwa ameshafika kwenye ngano. Mumewe yeye hakuweza kushuka. Alielewa kwamba kila hatua ya kushuka ni hatua nyingine juu ya yule mtu. Alibaki pale juu na mguu mmoja hewani, hajui auweke wapi, jasho linamtiririka. Mwishowe yule bibi alinyoosha fimbo yake. Kijana akaishika, akashuka.

Bibi aling'oa nyasi pembeni ya kijia, akaziweka moja moja mahali palipokuwa na alama za viatu, akizungumza na kilima kwa sauti ya chini, kama mtu anavyoongea na mgonjwa. Binti alitueleza kwamba baba yake alikuwa mzee mwenye heshima, kwamba ukoo wote ulikuja kumzika, na wanaume walikijenga kile kilima kwa miezi, kidogo kidogo. Wakati ule pale palikuwa malisho. Nyumba yao ilikuwa pale, akaonyesha kwa mkono, nami nikatazama, nikaona ngano.

Niliomba msamaha. Sikumbuki kwa maneno gani.

"Mama anasema hukujua," binti akanijibu. "Anauliza, hicho chombo kimemchukua na mzee?"

"Kimemchukua."

"Basi ukimpata, umlete."

Nikaahidi. Na yule kijana, bila kuombwa na mtu yeyote, akasema, "Bibi, mimi ndiye ninayelima hapa. Nitakuwa nakata kona. Hakuna atakayemgusa."

Nyumbani mama alikuwa anapukuchua mahindi. Nilipomsimulia, gunzi lilimdondoka. "Umempandisha bibi harusi juu ya kaburi?" Alinitazama kama mtu aliyeletewa mtoto asiye wake. Nilikuwa nimeondoka kwetu mdogo sana, nikakulia pwani. Mambo ya tambarare hakuna aliyewahi kunieleza, nami sikuwahi kuuliza.

Filamu ilichelewa Arusha. Iliporudi, ngano ilikuwa imeshavunwa na kulima kumeanza. Nilichukua picha ya kilima kitupu, iliyotoka vizuri kuliko zote, nikashuka kuwatafuta wale wanawake. Nilifuata njia ile ile. Sikukiona kilima. Nikasema labda nimepotea, maana shamba lililolimwa halina uso. Nikarudi njiani, nikaanza upya.

Mwisho nikaitoa picha, nikainyoosha mbele ya macho. Nilisogea kushoto, nikarudi nyuma, nikasogea tena, mpaka mabonde ya mlima ulio kwenye karatasi yakalingana na mabonde ya mlima wenyewe. Nikatazama chini. Udongo ulikuwa umepinduliwa karibuni, mistari imenyooka kama ya daftari, inapita mbele yangu na nyuma yangu bila kukata kona popote. Nilipiga magoti nikachimba kwa vidole. Hapakuwa na jiwe hata moja.

Sijui nilikaa pale muda gani. Nakumbuka nilisema kwa sauti, "Hapana, hapana," kama vile kuna mtu aliyeniuliza swali.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye nyumba za wafanyakazi. Kijana wa Tumati alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, ametazama ukuta.

"Nani amepita pale?" nikamwuliza, hata sikumsalimu.

"Mimi."

Nikamnyooshea picha ya kilima.

"Msimamizi alisema kona zinamaliza dizeli, mistari inyooke. Nikamwambia ni kaburi. Akasema kama siwezi, trekta atapewa mwingine. Nikapanda, dada. Nikalima."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. "Hajala tangu juzi," akasema, lakini si kwa kumhurumia.

"Picha utawapelekea?" kijana akaniuliza.

"Lazima."

"Twende wote."

Kesho yake tulikwenda sote watatu. Boma la yule bibi lilikuwa ukingoni mwa shamba, ua wa miiba na ndama wachache. Safari hii aliitikia shikamoo zetu. Nilimpa picha. Binti alimwonyesha namna ya kuishika, naye bibi akapitisha kidole juu ya kilima, polepole, kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Kijana hakukubali kuketi. "Bibi," akasema, "ni mimi niliyelima."

Binti alimtazama, hakutafsiri. Kijana akarudia. Ndipo yule mwanamke akageuka, akamwambia mama yake maneno matatu au manne tu.

Bibi hakulia, wala hakuinua fimbo. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa laana, maana tangu siku ile ya kilima mama alikuwa ameniambia laana za wafugaji wale ni nzito. Alipozungumza, lilikuwa swali.

"Mama anauliza, ulipopita juu yake, trekta lilifanyaje?"

Kijana alishangaa. "Liliinuka upande mmoja," akasema. "Nilidhani litapinduka. Nilishika usukani kwa nguvu zangu zote."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu. Ya nne likapita sawasawa."

Binti akatafsiri. Bibi akakunja vidole vitatu, kimoja baada ya kingine, akasema neno, na kwa mara ya kwanza binti yake akaziba uso kwa kanga. Tulingoja mpaka alipoweza kutuambia.

"Anasema, mara tatu alikataa."

Yule kijana alichuchumaa palepale kwenye mavi ya ndama, na suruali yake safi, akashika kichwa. Bibi hakumwambia amesamehewa. Hakumwambia aondoke pia. Baada ya muda alimwagiza binti alete maziwa, na kibuyu kilipofika kwa kijana, alikunywa.

Kabla ya msimu kwisha aliacha kazi, akarudi Tumati na mkewe kulima mahindi ya baba yake. Picha zao mbili za juu ya kilima walikataa kuzichukua; nilichoma moja, nyingine nilishindwa. Waliotaka picha za harusi niliwapiga nyumbani, mbele ya shuka jeupe la mama lililotundikwa ukutani, wala sikutafuta tena mahali pazuri.

Kisha asubuhi moja yule binti akatokea uani kwetu, Endasak, na wanaume wawili wazima, miguu imejaa vumbi. Walikuwa wametembea tangu alfajiri. Mama aliwapa chai, wakanywa wamesimama.

"Hawa baba zao wako shamba la jirani," akaniambia. "Makaburi mawili. Kulima kunaanza Jumatatu."

Nilihesabu picha zilizobaki kwenye filamu. Zilikuwa tisa. Nikabeba kamera, tukatoka.