Nyumba ya Njuki Kichwa Chini

Chupa ya asali ilikuwa mezani na Igoki hakuigusa. Mutugi, mdogo wa marehemu mume wake, alikuwa ameileta kutoka mjini Meru, na sasa alikaa mbele yake mikono kifuani, akingoja kusifiwa. Aliipangusa kwa kitambaa kabla ya kuiweka, kisha akaizungusha kidogo ili lebo imtazame mwenye nyumba sawasawa.

Lebo yenyewe ilipendeza. Mtu aliyeandika mabango nusu ya maisha yake hawezi kuidharau kazi safi akiiona. Rangi ya kahawia iliyokaribia dhahabu, herufi zilizopewa nafasi ya kutosha, na maneno Asali ya Njuki yamekaa katikati bila kusukumana na chochote. Juu ya maneno hayo ilikuwa alama ya familia: mistari miwili iliyoegemeana ikakutana nchani, na kitone kimoja. Ila ncha ilitazama chini, na kitone kilikaa juu, nje, peke yake.

"Nani alifanya hii?" Igoki aliuliza.

"Kijana mmoja wa Meru, Antony. Ako na mkono, si unaona? Sasa wewe kazi yako ni kuiandika kwa ukuta wa duka langu pale Siakago. Kubwa. Mtu aione akiwa bado huko kwa petroli."

"Mutugi, umeiangalia?"

"Nimeiangalia mpaka nimeiota."

"Imepinduliwa."

Mutugi alicheka. "Hiyo ni V, shemeji. Ya ushindi. Hata Antony alisema imetulia hivyo."

Igoki alimtazama kuanzia viatu vyake vyenye ncha hadi utosini, akaona kwamba mtu huyu hatanii. Hajui. Mtoto wa kuzaliwa wa Mzee Njuki hajui alama ya Mzee Njuki, na yeye aliyeletwa na ndoa ndiye anayeijua. Hilo ndilo lililomchemsha damu kuliko lebo yenyewe.

Igoki alizaliwa juu, Kianjokoma, kwenye majani chai na ukungu, akasomeshwa mpaka chuo cha ualimu, na huko akachukua sanaa wakati wenzake walisema kuchora si kazi. Munyi, aliyekuja kuwa mume wake, alimpata akifundisha, akamteremsha mpaka nchi kavu ya Mbeere, ambako siku za kwanza alilia kwa sababu ya jua. Baba mkwe wake hakumwuliza habari za vyeti. Alimwuliza kama ni kweli anajua kuchora. Aliposema ndiyo, mzee alimpeleka nyuma ya ghala, akamwonyesha chuma cha kuchomea chapa, akachora alama vumbini kwa kidole.

"Hii ni paa," alisema. "Hiki ni mtu. Mtu wa Njuki hukaa chini ya paa."

Chapa hiyo ilichomwa kwenye vifuniko vya mizinga yote ya nyuki ya familia, na mizinga hiyo ilitundikwa kwenye migunga kuanzia mtoni hadi mlimani. Mtu hakuhitaji kuuliza mzinga ni wa nani. Aliinua macho akasoma, hata kama hakuwahi kuliona darasa.

Na palikuwa na namna ya pili ya kuichoma. Kabla Munyi hajazaliwa, ndugu mmoja wa ukoo alikamatwa akirina asali kwenye mizinga ya mama mjane. Wazee hawakumpiga wala kumpeleka kwa chifu. Walikichukua chuma kile kile, wakakigeuza, wakaichoma mizinga yake yote, paa chini, mtu nje juani. Kuanzia siku hiyo asali yake haikupata mnunuzi. Alihama, na hata leo jina lake halijapewa mtoto. Igoki mwenyewe aliambiwa mara moja tu, kwa sauti ya chini, na hajawahi kulitamka.

Hiyo ndiyo alama iliyokuwa mezani, imepakwa rangi ya dhahabu.

"Usitoe hata chupa moja," alimwambia Mutugi. "Nitaenda Meru mimi."

"Uende kufanya nini? Duka linafunguliwa Jumamosi. Pasta amealikwa."

"Kumuuliza huyo kijana nani alimpa ruhusa ya kupindua nyumba ya watu."

Alivaa koti lake la kwenda mikutanoni, na hasira aliyoondoka nayo nyumbani haikupungua njiani. Meru mjini alielekezwa hadi kwenye duka la vifaa vya kuandikia la mama mmoja aitwaye Faiza. Antony alikuwa amekodi kona pale ndani, akiwa na kompyuta, mashine ya kuchapa na stuli moja ya mteja.

"Karibu shosho," Antony alisema bila kugeuka.

"Mimi si nyanya yako. Niite Mwalimu." Akaiweka chupa juu ya meza yake kwa kishindo. "Hii umeifanya wewe?"

Antony aliitazama, uso ukamkunjuka. "Ndiyo, Mwalimu. Imekubali, sivyo? Hii nimeitia kwa kazi zangu bora."

"Umeipindua."

"Mimi sijapindua kitu. Nilipewa picha, nikaambiwa usibadilishe hata nukta, hii ni ya babu. Ngoja."

Alitafuta kwenye kompyuta, na picha ikajaa kioo. Igoki alivaa miwani yake. Ulikuwa mzinga uliokuwa kwenye mgunga wa mtoni, ule aliouchonga Munyi mwenyewe. Aliujua kwa ufa mrefu uliozibwa kwa nta. Kwenye kifuniko, chapa ilikuwa kichwa chini, kama kwenye lebo. Kwa muda mfupi alijiuliza kama kuna jambo ambalo mume wake hakumwambia.

Kisha akaliona tundu. Kila kifuniko cha mzinga kina tundu dogo la kupitia nyuki, na tundu hilo hukaa chini ili mvua isiingie. Kwenye picha, tundu lilikuwa juu.

"Nani alipiga hii picha?"

"Mutugi mwenyewe. Alisema alikuwa ametoka kurina, ngazi, moshi, kila kitu. Alikuwa anajisifu sana."

Basi ikawa wazi. Mutugi, aliyekaa mjini tangu alipokuwa kijana, alipanda, akatoa masega, kisha akarudisha kifuniko vile mkono ulivyokishika. Kifuniko ni duara, hakigombani na mtu. Halafu akasimama mbele ya kosa lake, akalipiga picha, akalipeleka kwa fundi na kumwambia asibadilishe hata nukta.

Faiza, aliyekuwa akihesabu kalamu kwenye kabati, alikuwa anasikiliza kila neno. "Mama, kwani ikigeuka ina maana gani?"

"Ina maana ya mwizi."

Faiza aliacha kalamu. "Basi hiyo si ya kucheza. Kwetu ukibadilisha chapa ya ngamia, umesema ngamia ni wa mtu mwingine. Watu wamewahi kupigana kwa hilo. Antony, igeuze."

"Kugeuza ni kubonyeza tu," Antony alisema, akabonyeza, na nyumba ikasimama. Alikaa akiitazama. Sauti yake ilishuka. "Hata imekuwa nzuri zaidi. Lakini Mwalimu, lebo zake zote nilishachapa. Alizichukua, akabandika kwa chupa. Mimi hapo sina uwezo."

Hasira aliyokuwa amemletea kijana huyu ilikosa mahali pa kukaa. Igoki aliikunja, akarudi nayo Siakago.

Alimkuta Mutugi dukani, juu ya ngazi, akifunga taa. Alimwambia yote akiwa amesimama mlangoni: kifuniko, tundu, picha, na maana ya nyumba iliyopinduliwa. Mutugi alishuka polepole. Kwa muda mfupi uso wake ulionyesha kwamba ameelewa, na kama angenyamaza hapo, huenda mambo yangeishia hapo.

"Shemeji," alisema, "hayo ni mambo ya zamani. Watu wa siku hizi wanasoma simu, hawasomi mizinga. Nani atajua?"

"Mimi ninajua."

"Wewe ni wa Kianjokoma."

Igoki aliyameza maneno yale, yakashuka kama maji ya moto. Alikuwa amemzika Munyi kwenye ardhi hii. Alikuwa ameandika jina la Njuki kwenye msalaba wake kwa mkono wake mwenyewe, kwa rangi nyeupe, bila herufi moja kuyumba, huku watu wakiimba.

"Sawa," alisema. "Ukuta wako nitauandika."

"Sasa hiyo ndiyo kuongea."

Aliuandika Ijumaa. Alianza asubuhi kwa kamba na chaki, akapaka rangi ya chini, akasimama juu ya meza mbili, na watu wa sokoni wakapita wakimsalimia Mwalimu. Mwanamke wa umri wake mwenye brashi hakuwa kitu kigeni tena hapo Siakago. Kinyozi, duka la dawa ya ng'ombe na bucha lenye fahali anayecheka vyote vilikuwa kazi yake. Alama aliichora mwisho. Ncha juu, kitone chini. Hakuongeza kivuli wala mstari wa pembeni, kwa sababu mzee alimwambia alama si mkufu.

Jumamosi Mutugi alifika amevaa suti, akatazama ukuta, akabadilika rangi.

"Umeniharibia."

"Nimeandika jina la baba yako."

"Ukuta unasema hivi, chupa zinasema vile. Watu wataona mimi ni mjinga."

"Wataona vizuri."

"Shemeji, ukiwa na wivu sema. Munyi hakuacha biashara, sasa unataka yangu ianguke pia."

Kulikuwa na watu wanaingia, na Igoki hakuwa mtu wa kufua nguo za familia mbele ya soko. Alikaa kwenye kiti cha nyuma, mkoba magotini, mgongo umenyooka. Pasta aliomba, watu wakasema amina, Mutugi akaeleza habari za asali ya babu na uaminifu wa babu. Chupa zilipangwa rafu kwa rafu nyuma yake, zinang'aa, na kwenye kila moja nyumba ilikuwa imepinduka.

Mzee Ireri aliingia akiwa amechelewa. Huyu alirina asali pamoja na Mzee Njuki ujanani, na mikono yake ilikuwa na alama za miiba ya migunga. Alipita moja kwa moja hadi kwenye rafu, akachukua chupa, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu. Akairudisha. Halafu akapangusa mkono wake kwenye koti.

"Asali hii ni ya nani?" aliuliza.

"Ya kwetu, mzee," Mutugi alisema kwa furaha. "Ya Njuki."

"Si ya Njuki. Njuki nilimjua. Mwenye hii pia nilimjua." Akamgeukia Igoki, akamtazama kwa huzuni zaidi kuliko hasira. "Na wewe, binti, uko hapa?"

Akatoka. Hakuonja hata chai. Wazee wawili waliokuwa wamesimama mlangoni walimwuliza jambo, akawajibu kwa Kimbeere, nao pia hawakuingia. Duka lote liliwaona wakigeuka. Mutugi alianza tena kusema habari za vitamini, sauti ikamkauka katikati ya neno.

Igoki aliinuka. Aliweka mkoba wake juu ya kiti, akaenda kwenye rafu ya kwanza, akachukua chupa, akaipindua, akaisimamisha juu ya kifuniko chake. Akachukua ya pili. Asali iliteremka taratibu ndani ya kioo, nzito, ikiacha mapovu nyuma. Hakuharakisha. Alikwenda rafu hadi rafu kama mtu anayepanga vyombo nyumbani kwake, na hakuna aliyemzuia, hata pasta. Alipomaliza, paa zote zilikuwa juu na watu wote walikuwa chini ya paa. Maandishi ndiyo yaliyokuwa kichwa chini. Msichana mmoja aliinamisha shingo ili asome, akacheka, wengine wakacheka.

"Shemeji," Mutugi alinong'ona, jasho limemtoka, "watu wanacheka."

"Wanacheka maandishi yako. Nyumba ya baba yako imesimama."

Mutugi alimtazama, akatazama rafu, akatazama mlango ambao wazee walikuwa wameupitia. Kisha akachukua chupa moja, akaanza kukwangua lebo kwa ukucha. Karatasi ilitoka vipande vipande, gundi ikabaki. Akachukua nyingine. Suti yake ilishika asali kwenye mkono wa kushoto. Watu walianza kutoka mmoja mmoja, kwa adabu, kama wanavyotoka kwenye nyumba yenye ugomvi.

Igoki hakumsaidia. Alirudi kukaa, hasira yake bado nzima, na hakuona sababu ya kuificha.

"Antony amekugeuzia," alisema. "Atakuchapia nyingine. Mzee Ireri utamwendea mwenyewe, kwa miguu, na usibebe chupa."

"Nitaenda leo."

"Leo hapana. Leo vua hiyo suti, utafute ngazi." Nje, juu ya mlima wa Kiang'ombe, mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. "Tundu la ule mzinga bado liko juu, Mutugi. Panda ukageuze kifuniko kabla mvua haijawaingilia nyuki wa ndugu yako."